Upande wa Masista

Msichana alisimama kwenye mlango wa ua akiwa na kuku kwapani, na kati yao wawili ni kuku aliyeonekana kuchoshwa zaidi na safari. Ilikuwa Ijumaa, jua likishuka, saa ambayo mtaa wote wa Kamalondo hunuka makaa na samaki wa kukaanga. Wivine alikuwa akikunja mablanketi ya safari ya kesho. Alimtazama mgeni tangu miguu iliyojaa vumbi hadi kitambaa cha kichwani, asimfahamu.

"Unatafuta nani, mama?"

"Natafuta Yaya Wivine. Bibi ya Godefroid, shofa ya Mugiriki."

"Ni miye."

Msichana akapiga goti, kuku wake bado kwapani. "Miye ni Clotilde. Mutoto ya baba yako. Weye ni yaya, miye ni mudogo."

Wivine alijua kwamba baba yake, alipomaliza kazi ya reli na kurudi kwao kaskazini, alioa mke mwingine na kuzaa. Alilijua jambo hilo kama mtu anavyojua kuwa mvua imenyesha nchi ya mbali. Sasa aliona mbele yake sura ngeni yenye paji la uso lake mwenyewe. Akamwinua, akamkumbatia, kuku akapiga kelele, na jirani yao Mama Régine akachungulia juu ya ukuta.

"Oh, mugeni! Basi kesho watembelea mawe batapumzika?"

Watembelea mawe: ndivyo mtaa ulivyowaita Wivine na mumewe. Kila Jumamosi Godefroid aliendesha kamyoneti ya Mgiriki, akapeleka chumvi, sabuni na samaki wakavu kwenye maduka madogo yaliyo chini ya milima ya Kundelungu, na mkewe alikwenda naye. Jumapili, kabla ya kurudi mjini, walipanda mlima. Hawakuwinda wala hawakuchuma uyoga. Walipanda, wakakaa juu, wakateremka. Mama Régine alisema mwenye watoto hana miguu ya kuchezea namna hiyo, naye alihakikisha anayasema Wivine akiwa karibu.

Ndoa yao ya kanisani ilikuwa na miaka saba. Hakuna aliyeweza kumwita Wivine mama wa fulani, kwa hiyo wakamwita bibi ya shofa. Kule mlimani hakuna aliyemwita kitu. Godefroid alitangulia, akapiga mluzi, yeye akajibu kutoka chini kwa mluzi wake mbovu uliojaa pumzi, na penye jiwe kubwa mumewe alimngoja na kumnyooshea mkono. Kwa Jumapili hiyo moja Wivine aliweza kulibeba juma zima la foleni ya bomba na maneno yake.

Godefroid aliporudi kutoka kazini jioni ile, maji yalikuwa yamechemka na Wivine alikuwa anasonga bukari, mikono yote imeshikwa.

"Clotilde, mupelekee mulamu wako maji ya kuoga."

Msichana hakusogea. "Yaya, peleka mwenyewe."

"Hauoni mikono yangu?"

"Lete nisonge miye. Weye peleka."

Wivine alicheka. "Haya gani hii ya mukini kwenu? Hapa ni Élisabethville, mulamu haumi bantu. Peleka, maji itapoa!"

Clotilde akabeba ndoo kama anayebeba mzigo wa mtu mwingine. Wivine aligeuka mara moja tu, akamwona mumewe kwenye mlango wa bafu la matete, taulo begani, akiitazama ndoo. Aliitazama kwa muda. Kisha akaipokea, akaingia kuoga.

Wakati wa kula Godefroid alikuwa mpole, akamsogezea mgeni kipande cha samaki chenye nyama. Baadaye sana ndipo Wivine alipokumbuka kwamba mumewe hakuuliza msichana huyu ni nani.

Asubuhi waliondoka watatu, wamebanana mbele. Barabara ilikuwa nyekundu na kavu, vichuguu vikubwa vimesimama kati ya miti kama nyumba zilizohamwa. Kwenye kizuizi polisi alisoma karatasi ya ruhusa: shofa na bibi yake, mpaka Jumapili jioni.

"Na huyu?"

"Bibi mudogo," akasema Godefroid.

Polisi akacheka, akapokea samaki wake wawili, akainua mti. Wivine alicheka pia. Ni utani wa siku zote: mdogo wa mke ni mke mdogo, nani asiyejua? Akamgonga Clotilde kiwiko ili naye acheke. Clotilde alikuwa anatazama nje.

Walifika alasiri. Godefroid akabaki dukani kupakua magunia, na wanawake wakashuka kijitoni kuteka maji. Clotilde alikaa juu ya jiwe, miguu majini, hakuteka.

"Yaya, haukukasirika?"

"Nikasirike juu ya nini?"

"Ile maji ya jana."

Ndipo akaeleza. Kwa wazee wao, dada mkubwa akimtuma mdogo wake ampelekee mumewe maji ya kuoga, amemkubali nyumbani. Hapigiwi mtu ngoma, haulizwi mtu tena. Ndoo ikishapokelewa, neno limekwisha.

Wivine alizaliwa katika kambi ya reli. Kule wanaume walioga kwenye bomba moja, wamepanga mstari, wakitupiana sabuni na matusi. Mama yake alikufa mapema, na katika yote aliyopata kumfundisha, hilo halikuwemo.

"Lakini miye sikujua!"

"Nilikuambia upeleke mwenyewe."

Kweli, alimwambia. Wivine aliteremsha ndoo chini. "Nani alikuita huku?"

"Mulamu. Alituma muntu kwa baba. Baba akasema, afazali damu yetu kuliko mugeni, Wivine hatalia sana."

Hakulia. Alitazama maji yanavyopita juu ya mawe, akaona jinsi wanaume wawili waliompenda walivyokaa, kila mmoja kwake, wakapima kilio chake na kukiona kidogo.

"Na weye? Unamutaka?"

Clotilde alitikisa kichwa kwa nguvu, kama mtoto anayekataa dawa. Katika treni alikaa karibu na mtawa mmoja, Sista Jeanne, anayefundisha wasichana ukunga. Misheni yake iko nyuma ya milima hii hii, na masomo yanaanza Jumatatu. Sista alimwambia aje. Lakini masista hawapokei msichana aliyetoroka. Lazima ndugu mkubwa amkabidhi, aseme kwa mdomo wake, ili baba asije kumng'oa.

Wivine aliijua misheni ile. Kila Jumapili waliona bati lake jekundu kutoka juu, dogo kama kiberiti, na Godefroid alisema kila mara kwamba siku moja watateremka upande wa masista. Hawakuteremka, kwa sababu kamyoneti ilibaki upande huu.

"Kesho nitakufikisha," akasema. "Nitakukabizi miye mwenyewe. Sasa futa macho, tuteke maji."

Aliyasema haraka, ili msichana anyamaze tu. Aliposhika njia na ndoo kichwani ndipo uzito wa maneno yake ulipomfikia, na hakuona namna ya kuyarudisha. Yule mtoto nyuma yake alikuwa ameanza kuimba.

Jumapili walianza kupanda jua likiwa bado changa. Godefroid alitangulia, akapiga mluzi. Wivine hakujibu. Akapiga tena, akangoja, akaendelea. Penye jiwe kubwa alisimama kama kawaida na kunyoosha mkono, na mkono ule ukampita Wivine, ukaenda kwa Clotilde.

"Shika, mudogo. Hapa panateleza."

Labda haukuwa ubaya. Labda mtu yeyote humsaidia kwanza mgeni asiyeijua njia. Wivine alijiambia hivyo huku akitafuta pa kuweka mguu, akajivuta juu peke yake, akakwaruza goti, na alipofika mumewe alikuwa ameshageuka. Aligundua kwamba jiwe lile halikuwa kubwa hivyo. Tangu mwanzo angeweza kulipanda mwenyewe.

Juu kulikuwa na upepo. Clotilde alisogea kando, akakaa mbali nao akilitazama bati jekundu.

"Ninamupeleka kwa bamasista," akasema Wivine. "Leo. Sasa."

Godefroid hakujifanya kushangaa. Alikaa, akavua kofia. "Amekuambia."

"Angesema nani mwingine? Weye?"

"Weye ulimutuma na maji, Wivine."

"Sikujua maana yake."

"Niliona kama haujui."

"Na ukaoga."

Aliigeuza kofia mkononi. "Nilioga," akasema.

Wivine alingoja aongeze neno. Angeongeza lolote, hata uongo, labda angelishika. Lakini Godefroid alikuwa mtu wa kweli. Kwa hilo Wivine alikuwa amempenda, na hilo hilo sasa lilimkata.

"Unafikiri nilikuwa ninapanda bure?" Godefroid alisema. "Bantu bananicheka hata kazini. Nilipanda nawe. Nilikaa hapa nawe. Lakini kila mara nikikaa, ninaona mahali mutoto angekaa. Hapa, kati yetu. Kila Jumapili ninamuona hayuko."

"Miye nilikuwa ninakuona weye," akasema Wivine. "Nilifikiri tuko wawili."

Upepo ukapita. Wivine alitamani kumshika kichwa, na alitamani kumsukuma aanguke, na yote mawili yalikuwa ya kweli.

"Ungeniuliza," akasema.

"Ungekubali?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi ungeniuliza, nikatae, tulie pamoja! Siyo kuniletea mutoto wa baba yangu na kuku! Ye hakutaki, Godefroid. Umemuuliza ye? Ao naye ulingoja abebe ndoo?"

Godefroid alimtazama msichana pale mbali, na kwa mara ya kwanza uso wake uliona haya. Lakini haya ya mwanamume aliyekwisha kutuma mtu kwa mkwe, na kupata jibu, na kuwaambia ndugu zake, ina ukaidi ndani yake. Akavaa kofia.

"Kamyoneti ni ya Mugiriki. Lazima ilale mujini leo, nikichelewa kazi imekwisha. Karatasi ni moja, na iko kwangu. Ukiteremka upande ule, miye sitangoja. Na nyumbani usije kunitafuta, Wivine. Bibi anayemufukuza ndugu aliyeletwa na baba yake, nitawaambia nini bantu wetu?"

"Utawaambia alikukataa."

"Usinichokoze."

"Sikuchokozi. Ninalia, ila hauoni."

Akasimama. "Clotilde! Twende."

Upande ule haukuwa na njia, ila mifereji ya mvua na majani makali yafikayo kifuani. Wivine alitangulia, akijaribu kila jiwe kabla ya kumwachia mdogo wake. Kandambili yake ilikatika, akaitupa. Walikuwa wameshafika kwenye miti walipoisikia honi kutoka nyuma ya mlima. Ndefu, halafu kimya.

Anangoja. Alisema hatangoja, na anangoja.

Honi ikalia tena. Wivine alishika mti. Aliijua sauti ile kama alivyojua kikohozi cha mumewe. Akikimbia sasa angemkuta. Wangerudi kimya, vumbi kati yao, na kesho au keshokutwa mmoja wao angeomba chumvi, mwingine angempa, na maisha yangeendelea. Wengi wameishi kwa kidogo kuliko hicho.

"Yaya, rudi," akasema Clotilde. "Bati ninaiona. Nitawaambia unaumwa muguu. Pengine batanipokea."

"Na wasipokupokea?"

Msichana alikaza fundo la kitambaa chake cha kichwani. Alikuwa na miaka kumi na sita, na alijaribu kusimama wima kama mtu mzima.

Wivine alimwangalia, akaona kwamba mtoto huyu ndiye pekee kati yao wote aliyejaribu kumwonya. Aliambiwa abebe ndoo, akasema hapana, akalazimishwa, akaibeba, na hata sasa alikuwa tayari kurudishwa ili dada asiyemjua abaki na mume. Hakuna aliyemfunza heshima hiyo kwa nguvu. Ilikuwa yake.

"Nilisema nitakufikisha," akasema Wivine. "Teremka. Angalia hapo, ni miiba."

Waliposhuka bondeni injini ilisikika ikiwaka, ikapanda, ikabadilisha gia kwenye kona ambayo Wivine aliijua, kisha ikawa sauti ya nyuki, kisha haikuwa kitu. Wivine alilia akitembea, bila kusimama, na Clotilde alilia nyuma yake, na hawakusemezana mpaka uzio wa misheni.

Masista walikuwa wanatoka kanisani kwenye rozari. Mmoja, mnene, mwenye miwani, alijitenga na wenzake, akaja mbio kidogo, kisha akapunguza mwendo alipoona miguu ya Wivine inavyotoka damu.

"Clotilde! Umekuja na nani?"

"Na yaya wangu, Sista."

Sista Jeanne alimgeukia. Alikuwa na uso mwema, lakini macho yalichunguza. Bila shaka alikwisha kudanganywa na wengi uani pale. "Mama, ni weye unayemukabizi? Baba akija, utasimama na neno lako?"

"Nitasimama."

"Na bwana yako? Anajua kama uko hapa?"

Wivine alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Nyuma yake mlima ulikuwa umeanza kuingia kivulini, na ng'ambo yake hapakuwa tena na mtu anayemngoja.

"Anajua," akasema. "Mupokee."