Membe wa Chumba cha Ghorofa ya Tatu

Jumatatu asubuhi Ndinda alifunga kibanda chake cha mitumba pale mtaa wa Congo, Kawangware, Nairobi, akavaa darubini shingoni na kupanda basi la pwani pamoja na mumewe, Nyamai. Darubini aliipata ndani ya belo la makoti. Tangu hapo alikuwa akiwatazama korongo wa jalalani kila jioni, na sasa alitaka kuona ndege wanaokula samaki.

Kutoka pwani walivuka kwa mashua hadi kisiwani, wakatembea bila haraka. Mto unapoingia baharini waliwakuta yangeyange wamesimama kwenye matope. Nyamai akavua viatu, akasema hajapumzika hivi tangu waoane. Kesho yake walipanda kwenye magenge ya mawe, membe wa baharini wanakotaga, na huko Ndinda akamwona mdogo wake, Kasyoka, ameatamia mayai mawili.

Kasyoka alikuwa na manyoya mwili mzima isipokuwa usoni. Nyumba yake ya Kibera ilibomolewa kupisha barabara, pamoja na za majirani, wakaahidiwa vyumba kwenye magorofa mapya. Baadaye simu yake ikawa haipatikani. Ndinda alidhani amerudi kwao Kitui.

"Sasa, Kasyoka."

"Poa. Mmebeba nini?"

"Chapati."

Walikula wakitazama maji. Majirani nao walikuwapo, wote membe, wamejipanga gengeni vilevile walivyokuwa kwenye ploti yao ya Kibera: Yusuf kwenye kona, Simeon kinyozi kando yake, akilalamika kwamba Yusuf anakoroma.

"Umenona," Ndinda alisema.

"Samaki ni wengi. Shida ni upepo tu."

"Na ile nyumba? Walikuita?"

"Bado."

"Nikirudi nitakuulizia."

Waliporudi Nairobi, Ndinda alikwenda kwenye ofisi ya magorofa. Karani alimwambia mwenye chumba aje mwenyewe.

"Yuko kisiwani. Siku hizi ni membe."

"Hata kama ni membe, mama. Lazima aje."

Ndinda akatuma salamu kwa yangeyange waliokuwa wakielekea pwani. Ijumaa Kasyoka akatua kwenye dirisha la ofisi, akangoja zamu yake nyuma ya watu waliokuja kwa miguu. Karani alimpaka wino kwenye ukucha, akaugandamiza kwenye karatasi, akamwambia atapigiwa simu.

"Kule magengeni hakuna network."

"Basi vumilia kidogo."

Kwa kuwa alikuwa ameshafika, walipanda kukiona chumba chenyewe alichoandikiwa, ghorofa ya tatu. Ndani waliishi watu ambao hawajawahi kukaa Kibera. Mwanamke wa pale, Shiru, alisema mume wake alikipata kupitia rafiki yake, mkubwa mmoja wa ofisi ile. Alikuwa mkarimu. Alimwekea Kasyoka maji kwenye beseni pale kwenye baraza, akampa na samaki wa omena.

Kasyoka alichungulia dirishani. Aliona bomba, jiko, na choo cha ndani.

"Ni pazuri," alisema. "Kitanda ningeweka pale."

"Pale kuna jua la asubuhi," Shiru alikubali. "Sisi tumeweka hapohapo."

Kasyoka alimaliza omena. Akasema mayai yatapoa, amemwachia Yusuf na Yusuf husahau. Akamwegemea dada yake kidogo, akapanda ukingoni, akaruka. Alipita juu ya mabati ya Kibera bila kupiga mbawa sana.

"Anaruka vizuri," Shiru alisema.

"Sana," Ndinda alijibu, na alifurahi kweli.

Shiru akaanua nguo zake, akamuaga, akaingia ndani na kufunga mlango.