Ncha ya Nyundo

Mkono wa Athanase uliitambua kabla ya macho yake. Alikuwa ameuingiza hadi kiwikoni ndani ya kabati la cherehani ya Madamu Ferris, akipapasa ulikoangukia mkanda uliokatika, vidole vikakuta kitambaa laini kilichofungwa vizuri, na ndani ya kitambaa kulikuwa na uzito. Mkasi mkubwa una uzito wake, pasi ya makaa ina wake. Huu ulikuwa umelalia upande mmoja, upande wa mpini, kama kitu kinachongoja kushikwa. Alibaki ameinama, shavu kwenye ubao, pumzi ameibana.

Ilikuwa Ijumaa mchana, mwaka 1998, nyuma ya saluni ya Colette katikati ya jiji la Durban. Colette, mwanamke wa Bukavu mwenye sauti ya kuitisha soko zima, alikuwa amempa Athanase kona yenye meza, dirisha moja na harufu ya dawa za nywele. Athanase alikuwa Mrundi, mtu wa maneno machache. Washonaji wa mitaa yote ya jirani walimletea cherehani zao. Alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho hakukificha sana: hakuna chuma kilichowahi kulala mezani pake kikaamka kibovu.

Akakifungua kitambaa.

Ilikuwa bastola ya zamani ya matundu sita, ya wakati wa vita vikuu, na ilikuwa nzima kama iliyotoka kiwandani juzi. Rangi yake ilikuwa ya buluu inayokaribia weusi, nayo ilikuwa imefifia mahali pamoja tu, pale kidole gumba cha mwenyewe kilipopita miaka nenda miaka rudi. Mpini ulikuwa wa mti wa kahawia uliokolea mng'aro wa jasho. Aliizungusha silinda kwa kidole: tik, tik, tik. Kila tundu lilikaa mahali pake bila kusita wala kuteleza. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Kuna mtu, ng'ambo huko, aliketi akapiga tupa vipande hivi hadi vikapatana kama ndugu waliolelewa vizuri, na baada ya zaidi ya miaka hamsini bado vilikuwa vinapatana. Machozi yalimlenga, akajionea aibu.

"Papa Athanase, iko nini mule?" Colette alikuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi. Alipoona, kitana kilianguka. "Eh, Yesu wangu! Toa hii kitu mu saluni yangu! Permit yangu ya kukaa huku imebakiza wiki mbili tu. Polisi wakiingia hapa, wataniuliza kama ni ya kusuka nywele?"

"Ni ya Madamu wa Westville, dada. Aliisahau ndani ya cherehani."

"Basi umurudishie leo."

"Pikapu ya kubeba meza yake nitaipata Jumapili. Nikiipeleka polisi, mgeni kama mimi, nitasema nini?"

Colette alifikiri, akaiona hoja, akachukia kuiona. "Jumapili," alisema. "Na tangu sasa mimi sijaona kitu. Mimi niko kipofu." Akaokota kitana chake akarudi kwa wateja.

Angeifunga wakati huo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini jasiri haachi asili, na asili ya Athanase haikuwa cherehani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa fundi wa ghala la silaha Bujumbura. Aliipindua bastola kwenye mwanga wa dirisha, akaona kilichomkera moyo. Ncha ya nyundo, kile kimdomo kidogo kinachogonga kitako cha risasi, ilikuwa imesagwa. Haikuvunjika wala kulika kwa uzee. Mtu asiyejua kazi alikuwa ameikwangua kwa tupa, ovyo ovyo, huku na huku, kama anayekwangua ukoko wa sufuria. Kitu kizuri namna ile, na jeraha baya namna ile! Aliudhika kama mtu aliyeona mtoto wa watu amekatwa nywele kwa kisu.

Mikono ilianza kabla hajaituma. Ilijua cha kulegeza na cha kuacha, ikachagua kipande cha chuma kigumu kwenye kopo la vipuri, ikakipima kwa jicho. Miaka miwili alikuwa hajaigusa kazi ile, na kazi ilimpokea bila lawama. Magari madogo ya abiria yalipiga honi barabarani, vikaushio vya nywele vikavuma ukutani, yeye hakusikia. Jua lilipoegemea majengo, nyundo ilikuwa na ncha mpya, na hata aliyeiunda bastola ile asingejua kiraka ki wapi. Athanase alicheka peke yake kwa furaha. Hakujiuliza ni nani aliyeisaga, wala kwa nini. Kule ghalani walikuwa na msemo: fundi haulizi.

Kuna siku moja msemo huo ulimrudia, nayo hakupenda kuikumbuka. Oktoba ya 1993, mauaji yalipolipuka nchini, kwenye kizuizi cha barabarani, kijana mmoja alimwelekezea bunduki, kisha akamtambua na kutabasamu. Athanase naye aliitambua bunduki kwa kiraka cha mti alichokichonga kitakoni kwa mkono wake. "Pita, fundi!" kijana alisema. "Inapiga vizuri!" Athanase akapita. Nyuma yake kwenye mstari alikuwa jirani yake, mwalimu Pierre-Claver, na mwalimu hakupita. Tangu siku hiyo kila aliposifiwa kazi yake aliangalia pembeni. Alipofika Durban aliwaambia watu kwamba anajua cherehani, akajifunza cherehani.

Lakini Ijumaa ile, jamani, alikuwa amefurahi.

Jumapili baada ya misa, pikapu ilimshusha mtaa wa Westville, kwenye nyumba yenye miti mikubwa na geti lililoshikiliwa na waya. Barazani aliketi mzee mrefu, amefunikwa blanketi magotini ingawa jua liliwaka, akitazama bustani bila kuangalia kitu. Madamu Ferris alitoka mbio kidogo, nywele nyeupe zimechomoka kwenye vibanio, akamwongoza yeye na dereva wakaiweka cherehani jikoni. Dereva alirudi kungoja kwenye gari. Mama huyo akafungua kabati la cherehani papo hapo, akaingiza mkono, akageuka, uso umemshuka.

"Iko hapa, Madamu." Athanase aliitoa kwenye mfuko wake wa vifaa, ingali kwenye kitambaa chake, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini sentensi hii alikuwa ameifanyia mazoezi njia nzima. "Ilikuwa na dosari kwenye nyundo. Mtu aliiharibu. Nimeitengeneza. Kwa hiyo sitaki malipo."

Alingoja furaha. Mama yule alivuta kiti akaketi, kisha akanyoosha mkono na kuufunga mlango wa barazani kwa ncha za vidole, polepole, bawaba zisilie.

"Umeitengeneza," alisema. "Inapiga?"

"Inapiga vizuri," Athanase alisema, na maneno hayo yalipomtoka aliyasikia kwa sauti ya mtu mwingine, kijana wa kizuizini.

"Mimi ndiye niliyeiharibu," alisema Madamu Ferris.

Alisimulia kwa sauti ya chini, jicho mlangoni. Mume wake alirudi nayo kutoka vitani Italia, na kila Jumapili aliisafisha kwenye meza hii. Mwaka 1979 mtoto wao wa pekee, askari, aliuawa mpakani mwa Angola. Tangu hapo mzee aliisafisha kila siku, kisha akawa haisafishi, anaishika tu. Siku moja alipokwenda kununua gazeti, mama alichukua tupa ya bustani akaikwangua nyundo huku akilia, hajui hata kama anakwangua panapostahili.

"Baada ya siku tatu nilimkuta bafuni, mchana kweupe, ameketi ukingoni mwa beseni, nayo mapajani. Akaniuliza, 'Gwen, nani ameharibu bastola yangu?' Nikamwambia ni mimi. Akaipapasa nyundo kwa kidole gumba. Halafu akasema, 'Basi itie mafuta, isipate kutu.'" Alipangusa meza iliyokuwa safi. "Miaka kumi na tisa sasa. Kila Jumapili naitia mafuta ya cherehani, yeye ameketi hapo mbele yangu, anatazama. Ndiyo maana inakaa humo. Nilidhani nimeitoa kabla ya kukuletea. Siku hizi nadhani mambo mengi."

"Na risasi, Madamu?"

"Anajua yeye. Nimezitafuta nyumba nzima. Sijaziona hata leo."

Athanase aliitazama kazi yake. Haikuwa na kasoro. Alikuwa ameistaajabia bastola ile tangu Ijumaa, ameusujudia mkono ulioiunda, kumbe kazi kubwa kuliko zote ndani yake ilikuwa ile mikwaruzo aliyoidharau. Hakuwahi kuona ufundi kama ule. Alitamani kuirudisha kama ilivyokuwa, na hiyo ndiyo kazi pekee ya chuma asiyoiweza, kwa kuwa mikwaruzo ile ilikuwa ya mtu mwingine.

"Nipe tupa," alisema. "Ile ile."

Ilikuwa kwenye droo ya cherehani, tupa pana ya kunolea makoleo, yenye kutu mpinini. Athanase aliibana bastola kati ya magoti akaanza. Ncha ilikataa. Alikuwa ameitengeneza vizuri mno. Kwa mara ya kwanza maishani alijilaani kwa kufanya kazi nzuri, akaendelea, jasho likimdondoka, hapimi, halengi, tupa ikiteleza na kuuma nyundo huku na huku. Unga wa chuma ulimwagika juu ya kitambaa, hadi ncha ikasagika yote. Hakusikia mlango ulipofunguliwa.

Mzee Ferris alikuwa amesimama pale, blanketi begani. Alimtazama mgeni, tupa, unga wa chuma, na mke wake aliyekuwa ameziba mdomo. Alikuja akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha mkono, na Athanase, asijue afanye nini kingine, akampa.

Mzee aliweka kidole gumba palipokuwa na ncha ya nyundo. Akakitoa upesi, kisha akakirudisha.

"Bado ina moto," alisema.

Alipuliza unga wa chuma taratibu. Aliiweka bastola kati yao watatu, akasogeza kikopo cha mafuta mbele ya Athanase. "Basi itie mafuta," alisema. "Isipate kutu."

Athanase alishika kikopo. Hakukiinamisha. Alikumbuka meza yake pale Bujumbura, silaha zikija na kuondoka, naye ameinamisha kichwa.

"Ya nini, mzee?" aliuliza.

Madamu Ferris alishtuka. Mzee alimtazama fundi kana kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, na kweli hakuna. Alifikiri. Kisha akaelekeza kidevu kwa mke wake.

"Akiitia mafuta, huwa anaketi nami," alisema. "Saa nzima."

Athanase alirudisha kikopo mezani, akakisogeza hadi mkononi mwa mama, kisha akaanza kukusanya vifaa vyake. Alipofika getini alisikia kupitia dirisha la jikoni silinda ikizungushwa polepole, kama inayotiwa mafuta tundu kwa tundu, tik, halafu kimya, halafu tik nyingine.