Mlango Uliokwenda Kuposa Takawiri

Kufuli la Cephas Odongo wa Uriri lilinunuliwa likiwa nene kama kiazi. Lilivutwa mpaka shingo yake ikawa nyembamba kama ndoana ya samaki ngege. Kila alipotaka kutoka, Cephas alifunga, akavuta, akatembea hadi kwenye mpapai, akasimama, akarudi, akavuta tena. Mbwa wake alikuwa ameacha kumsindikiza. Alilala tu langoni akingoja mzee amalize kuondoka.

"Umefunga, wuon Job," mkewe Priscilla alimwambia kila siku, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Una hakika?"

"Nimekuona kwa macho yangu."

"Macho hudanganya."

"Basi nimesikia likilia kwacha."

Hiyo kwacha ilimfikisha barabarani, haikumvusha.

Watu hawakukosa maelezo. Wengine walisema ni ubahili, ameficha dhahabu ya mgodi wa Macalder chini ya kitanda. Wengine walisema ni chira, kuna mwiko aliuvunja alipojenga ile nyumba. Mchungaji alikuja akaliombea kufuli na kulipaka mafuta, likaanza kufunguka kwa ulaini wa ajabu, na Cephas akapata homa wiki nzima.

Mwenyewe hakuwa mjinga. "Mkono unajua nimefunga," alisema. "Jicho linajua. Tumbo ndilo limekataa kuambiwa."

Pengine angezeeka hivyo kwa amani, kama mtoto wake Job hangependa msichana wa kisiwani. Emmaculate alikuwa wa Takawiri, na baba yake, mzee Onyango, alikuwa na sharti moja kabla hata ya ng'ombe kutajwa: baba wa kijana aje mwenyewe, aketi kwenye kiti chake, waangaliane. Si mjomba. Si sauti kwenye simu.

Safari ya kwanza Cephas alifika Rongo, tumbo likamwambia kufuli liko wazi. Akarudi. Safari ya pili alifika Mbita, akaweka mguu mmoja ndani ya boti na mwingine akauacha kwenye mawe. Boti ikaondoka, miguu ikaachana, na wachuuzi wa samaki wanaapa kwamba omena walipita katikati yake kundi zima wakidhani ni daraja. Alitolewa majini, akarudi Uriri akiwa amelowa. Kufuli lilikuwa limefungwa.

Safari ya tatu alipata akili. Aliung'oa mlango kwenye bawaba, kufuli likiwa limening'inia mahali pake, akaufunga kwa kamba juu ya bodaboda. Mlango ukiwa naye, aliwaza, ataona njia nzima kwamba umefungwa.

"Na nyumba?" Priscilla aliuliza.

"Nyumba imefanya nini?"

"Imebaki na shimo, wuon Job. Ng'ombe anaweza kuingia na mke wake."

"Lakini kufuli limefungwa," Cephas akasema, na kwa mara ya kwanza mwaka huo alipita Rongo akipiga mluzi, Job akiwa naye.

Mlango ulivuka ziwa kwa heshima kubwa. Mama mmoja alianika samaki wake juu yake, mwingine akaketi akasuka nywele. Walipofika Takawiri, mzee Onyango alitoka na wazee wenzake kupokea wageni, akamwona baba wa mkwe mtarajiwa akishuka ufukweni na mlango mgongoni.

Onyango aliuzunguka taratibu. Akabisha hodi juu yake. Hakuna aliyeitika.

"Huku kwetu tunaomba ng'ombe," alisema. "Huko Uriri mnaleta mbao?"

"Ni mlango wangu tu, jaduong'. Nimekuja nao."

"Ukienda msalani unabeba dirisha?"

Wazee walicheka mpaka mmoja akaomba maji. Onyango peke yake hakucheka. "Siwezi kumpa binti yangu nyumba isiyo na mlango. Ziwa limefungwa msimu huu, hatuvui omena. Siku litakapofunguliwa nitakuwa na kazi. Kama kufikia siku hiyo hamjaja mkae kama watu, kuna mwalimu wa Rusinga naye ameuliza. Huyo huja na mwavuli tu."

Njiani kurudi walifika Homa Bay. Hapo Job alishusha mlango, akauegemeza kwenye ukuta wa kioski, akakaa chini kando yake.

"Baba, nampenda huyu msichana. Nitampoteza kwa sababu ya kufuli?"

Cephas alitazama viatu vyake. "Nipeleke kwa mtu," alisema.

Baada ya siku chache Job aliwapeleka baba na mama yake hospitalini, kwa muuguzi wa magonjwa ya akili aliyeitwa Mellen, mwanamke wa Kosele mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza sokoni. Alisikiliza habari ya mlango bila kutabasamu, ingawa kalamu yake ilitetemeka.

"Uliporudi ulikuta nini?"

"Limefungwa."

"Na siku ile nyingine?"

"Limefungwa."

"Hata siku moja hukukuta wazi?"

"Sista, hilo ndilo linanitisha. Siku yake haijafika."

Mellen aliweka kalamu chini. "Mzee, huu ni ugonjwa, una jina, na si wako peke yako. Kuna wanaonawa mikono mpaka ngozi inatoka. Kuna wanaorudia sala usiku kucha wakiogopa wamekosea neno. Wewe umepata kufuli. Hofu yako ni kama jirani anayekuja saa ya ugali. Ukimpa leo, kesho anakuja na watoto. Kila unaporudi kuangalia, umempakulia."

"Dawa yake?"

"Vidonge vipo, daktari ataangalia kama unavihitaji. Lakini kazi kubwa ni yako. Funga mara moja, ondoka, usirudi. Jirani agonge mpaka achoke."

"Nitakufa."

"Utatoka jasho. Tutaanza na mlango mdogo, tupande polepole." Akamgeukia Priscilla. "Na wewe mama, umekuwa ukimpitishia huyo jirani ugali dirishani."

"Mimi?"

"Kila unapomwambia umefunga. Kuanzia leo akiuliza, jibu ni labda."

Uso wa Priscilla ulichanua kama wa mtu aliyepewa likizo yenye mshahara.

Walianza na banda la kuku. Cephas alifunga, akaondoka, akakaa chini ya mpapai akitetemeka mpaka mapapai mabichi yakaanguka.

"Min Job, nimefunga banda?"

"Labda."

"Kuku wako salama?"

"Labda. Labda kicheche anawasomea kitabu."

Alisaga meno. Tumbo lilipanda, likapiga kelele, likapanda tena. Halafu, bila kuaga, likashuka. Cephas alibaki akilisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua ikikatika. Kesho yake lilipanda kidogo tu. Wakaja jikoni, wakaja stoo, na mwishowe wakaja nyumba kubwa, ambayo sasa ilikuwa na mlango wake tena. Siku nyingine alishindwa, akarudi mbio, na Mellen akamwambia kwenye simu aanze tena kesho, hakuna aliyezaliwa akitembea.

Ziwa lilipokaribia kufunguliwa, walisafiri. Cephas alifunga mara moja. Akapita Rongo. Mbita akaingia botini na miguu yake yote, na jasho lake likafanya abiria watafute ndoo wakidhani boti inavuja.

Takawiri walikaribishwa, wakakaa, wakala samaki kwa adabu. Mazungumzo ya ng'ombe yalipoanza, mzee Onyango aliinua mkono. Macho yake yalikuwa ya mtu anayejaribu nyavu.

"Mkwe, kabla hatujaendelea. Nyumbani umefunga?"

Job aliacha kutafuna. Priscilla alitazama mabati. Cephas alishika mikono ya kiti, na tumbo likasimama wima, likaita Uriri, kufuli, wezi. Mlango wa mzee Onyango ulikuwa wazi mbele yake, na boti ilionekana pale ufukweni.

"Labda," Cephas akasema.

"Labda nini?"

"Labda nimefunga. Labda wezi wanakunywa chai yangu na wamekosa sukari. Sijui, jaduong'. Nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu. Tuendelee na ng'ombe."

Onyango akasogeza kiti chake karibu. "Mwalimu wa Rusinga aambiwe abaki na mwavuli wake," alisema.

Walirudi Uriri kesho yake mchana. Mbwa, ambaye hakuwahi kuona safari ndefu hivyo, alibweka kama kwa wageni. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri kabisa. Na ndani ya kufuli, ukimeremeta juani, ufunguo ulikuwa unaning'inia tangu walipoondoka.

Cephas aliutazama. Tumbo likamtazama yeye.

"Wuon Job," Priscilla akanong'ona, "tumeibiwa?"

"Labda," akasema, akazungusha ufunguo, akaingia kutafuta chai.