Goti la Kulia la Meneja

Daktari wa mifugo alikwisha kupasua magoti ya mbwa zaidi ya mia mbili, kwa hiyo asubuhi ile aliingia chumba cha upasuaji bila wasiwasi hata chembe. Kilichomtia joto kidogo ni kwamba mgonjwa alikuwa wa mama mkwe wake.

Mbwa mwenyewe aliitwa Meneja. Alikuwa dume kubwa la rangi ya kahawia, na jina hilo alilipata kwa tabia yake ya kukaa getini na kumkagua kila apitaye, kana kwamba ndiye anayelipa mishahara. Wiki mbili kabla ya hapo alimrukia paka kutoka juu ya ngazi, akalia mara moja, na tangu siku hiyo mguu wa nyuma wa kushoto akawa anauning'iniza, akikanyagia ncha tu kama mtu anayeonja maji ya baridi. Daktari alimpima pale pale uani kwa mkwewe. Alishika paja kwa mkono mmoja na muundi kwa mwingine, akasukuma, na mfupa ukateleza mbele kama droo iliyolegea. Hapakuwa na cha kubahatisha. Kano ya ndani ya goti, ile inayouzuia muundi usikimbilie mbele, ilikuwa imekatika.

Mama mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke wa maneno machache aliyezalisha nusu ya mtaa. Miaka tisa tangu daktari amwoe binti yake, hakuwahi kumwita kwa jina wala kwa cheo. Alimwita mwanangu, basi. Siku ile alimkabidhi kamba ya mbwa mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, nimekuachia," kisha akaenda kukaa kwenye benchi la mapokezi, mkoba mapajani.

Kwa kawaida, kabla mnyama hajalazwa, daktari huuandika mguu unaouma kwa kalamu ya wino. Siku ile aliona ya nini, mbwa huyu ni wa nyumbani. Alimchoma sindano ya usingizi, yeye na muuguzi, ambaye kila mtu pale kliniki alimwita Sista, wakampandisha mezani, wakamlaza chali na kumfunga mikanda. Daktari akatupa jicho ukutani, kwenye picha ya eksirei aliyoibandika mwenyewe asubuhi, iliyoonyesha magoti yote mawili. Akaona lililovimba liko upande gani, akachukua mashine ya kunyolea, akanyoa. Sista akaosha kwa dawa. Kitambaa cha kijani kikafunika mwili wote, likabaki goti peke yake.

Akapasua ngozi, akapasua utando wa chini yake, akafungua kifuko cha goti. Ndani ya goti lililoharibika huwa kuna fujo: maji yaliyochafuka, nyuzi zilizochambuka kama ncha ya kamba kuukuu. Hapa palikuwa safi. Gegedu liling'aa, na katikati kano imesimama, nene, imekaza, nyeupe pe.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba labda imechanika kwa nyuma. Akaigusa kwa kibanio, haikucheza. Akavuta muundi, haukuteleza hata kidogo.

Sista alikuwa ameinama upande wa pili na pamba mkononi. "Daktari," alisema taratibu, "hii si nzima?"

Daktari aliinua macho kwenye picha ukutani. Pembeni yake, ile herufi ndogo inayoonyesha upande ilikuwa imegeuka, inasomeka kinyumenyume kama maandishi kwenye kioo. Alikuwa ameibandika picha ile nyuma mbele, na kwa picha hiyo akanyoa mguu wa kulia.

Alisikia mlio wa mashine ya mapigo ya moyo kana kwamba unatoka chumba cha jirani. Mikono yake, ambayo wenzake waliisifu kwa utulivu, ilikuwa ndani ya goti la mbwa lisilo na kosa lolote, na kwa muda hakujua namna ya kuitoa. Miaka kumi na minne ya kazi, na hili lilikuwa jambo la kusikia kwa watu wengine, la daktari fulani mlevi mahali fulani. Yeye hakunywa. Alilala vizuri. Alikunywa chai, akafika mapema.

Sista alisema bila kumtazama kwamba wangeweza kufunga hapo, wakageukia mguu wa pili, na mbwa akiamka waseme magoti yote mawili yalikuwa mabaya. Hutokea, alisema. Na kweli hutokea. Mbwa wengi hukatika kano ya goti moja, na la pili likafuata.

Kilichomshtua daktari zaidi ya yote, hata zaidi ya ile kano nyeupe, ni jinsi kichwa chake kilivyolipokea wazo lile. Kabla Sista hajamaliza, yeye alikwisha kupanga maneno. Alijisikia akiyapanga.

Akaosha goti kwa maji ya chumvi, akafunga kifuko, akashona ngozi. Sindano zilikwenda sawa, jambo lililomshangaza. Kisha akamwambia Sista amwangalie Meneja pumzi, akavua glavu na kutoka.

Mama mkwe alipomwona kabla ya muda, alisimama. Daktari akamwambia palepale, bila kumzungusha, kwamba amepasua mguu usiouma. Picha ilikuwa imegeuka, na mwenye kuigeuza ni yeye. Mbwa bado amelala, goti zima amelifunga, na lile lenye kuumwa bado halijaguswa. Anaweza kulifanya sasa hivi, au amwamshe na kumpeleka kwa daktari mwingine wiki nyingine. Mwenye mbwa ndiye aseme.

Uso wa mama mkwe haukuwa na hasira. Ulikuwa mtupu, kama wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Anapumua vizuri?" aliuliza.

"Vizuri, mama."

"Basi nionyeshe pa kunawia mikono, daktari."

Neno lile lilimchoma kuliko tusi. Alimpeleka kwenye sinki, na yule mzee akanawa kama walivyofundishwa wakunga wa zamani, mpaka viwikoni, kucha moja moja. Akavaa gauni na barakoa. Walipomgeuza Meneja, alitembea mpaka mezani, akaweka kiganja juu ya goti la kushoto, akalibonyeza, akasema, "Huu." Hakuuondoa mkono mpaka daktari alipowasha mashine ya kunyolea.

Ndani ya goti hilo palikuwa kama palivyotakiwa kuwa. Daktari alikata masalia ya kano, akatoboa tundu dogo kwenye muundi, akapitisha uzi mnene wa nailoni kutoka nyuma ya mfupa wa paja hadi tunduni, akaukaza na kuubana. Akasukuma mfupa, ukakataa kuteleza. Dakika hamsini, na mama mkwe hakukaa.

Jioni hiyo daktari aliandika barua kwa baraza la madaktari wa mifugo, akajishtaki mwenyewe. Baadaye lilimjia onyo la maandishi. Mke wake alilia, kisha akamuuliza mara mbili swali lile lile: uliibandikaje?

Kwa wiki sita alikwenda kwa mkwewe asubuhi na jioni, kwa sababu mbwa mwenye magoti mawili yaliyoshonwa hawezi kujiinua. Alipitisha taulo chini ya tumbo la Meneja, akambeba nyuma kama mtu anayesukuma toroli, wakaenda kukojoa. Mama mkwe alifungua mlango, akafunga mlango. Mguu wa kulia ulipona kwanza, kisha wa kushoto ukaanza kukanyaga.

Wiki ya nane alimkuta Meneja amesimama mwenyewe getini, akimkagua mpita njia. Mama mkwe alikuwa nyuma yake.

"Nina swali moja," alisema. "Ningekuwa mtu baki, si mama wa mkeo, ungetoka kuniambia?"

Daktari alifungua mdomo kusema ndiyo. Akakumbuka yale maneno aliyoyapanga kichwani akiwa bado ameshika kibanio.

"Sijui, mama," alisema. "Kila siku najiuliza, na sijui."

Yule mzee aliinama, akampapasa Meneja kichwani. Kisha akamwambia aingie ndani, chai ipo mezani, inapoa.