Mashine Isiyoamkiwa

Asubuhi ile Zabron, fundi pikipiki wa Kimamba, alikuwa amekwisha kufungua mfuniko wa mashine ya boti ya Mwinshehe na kung'oa platini ya zamani ya kuzalishia cheche, nyeusi kama punje iliyoungua. Akafunga mpya. Akabadilisha kondensa, akabadilisha plagi, akausugua mwisho wa waya kwa msasa. Akavuta kamba. Kimya. Cheche hata ya kudanganyia hakuna.

Mto ulikuwa umefura. Daraja lilichukuliwa na maji mwaka juzi, na tangu hapo wakubwa huja kila kiangazi, wakapima mahali lilipokuwa, wakapiga picha, wakaenda zao. Boti ya Mwinshehe ndiyo iliyobaki, na bila mashine haithubutu mkondo ule.

Abiria alikuwa mmoja, Bibi Generoza. Kesi yake ya shamba la Masanze ilikuwa inaitwa asubuhi hiyo kwenye baraza la ardhi, ng'ambo. Bwana mmoja wa mjini alidai shamba ni lake. Mara iliyopita Bibi alikwamishwa na maji hapo hapo, akaambiwa asipofika tena, shamba ndiyo basi. Roho ilikuwa juu, ila alikaa tu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamtazama fundi.

"Mashine hii ya lini?" akauliza.

Mwinshehe akasema marehemu baba yake aliinunua kabla ya Vita vya Kagera.

"Kwa hiyo wewe Zabron umemfungua mtu mzima kichwa, hata shikamoo hujampa."

Zabron aliona aibu ya kweli. Kwao alilelewa vizuri. Ni haraka tu. Akafuta mikono kwa tambara, akainama kidogo, akasema shikamoo.

"Marahaba," mashine ikajibu, kwa sauti ya mtu aliyenyamaza muda mrefu. Halafu ikamwamkia Bibi Generoza, maana Bibi aliipita umri. Bibi akaitikia, akauliza habari za nyumbani. Mzee yule wa chuma akasema nzuri, isipokuwa platini imembana mno. Zabron akailegeza kidogo, akavuta kamba mara moja, na mzee akaamka. Tangu siku hiyo hakuna mtu pale kivukoni anayesema mashine imewaka.

Walivuka salama. Bibi alifika barazani jina lake likiitwa.

"Nipo," akasema, na machozi yakamtoka kidogo.

Bwana wa mjini hakuja. Alituma udhuru, ukapokelewa. Kesi ikaahirishwa mpaka masika yapite, kama ilivyoahirishwa miaka yote. Hakuna aliyemwomba Bibi radhi. Karani akamweleza kwamba kwa kuwa yeye amefika na hukumu haijatoka, shamba litabaki kama lilivyo.

"Lilivyo, nalima mimi," Bibi akasema, akashika njia ya dukani kununua mbegu ya mahindi.