Kuku Hana Muhuri

Donatus, afisa utumishi wa karasha moja, mtambo wa kusaga mawe ya dhahabu kule Mwakitolyo, ni kijana mwenye adabu zake. Alimwamkia Mama Blessing shikamoo, akasubiri marahaba yake, akamvutia kiti, ndipo akamwambia kwamba hana kazi.

"Sina kazi kivipi?" Mama Blessing aliuliza. "Si hii nimekuja?"

"Siku thelathini na tano, mama. Mtu akikosa zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu, tunahesabu ameacha kazi mwenyewe. Barua iko tayari, imebaki sahihi tu."

Mama Blessing, ambaye jina lake la ubatizo ni Scolastika, alikuwa na miaka tisa kwenye mizani ya karasha lile, pale wachimbaji wadogo wanapoleta viroba vya mawe yao yasagwe. Yeye ndiye anayevinyanyua na kuvipandisha kwenye mizani, na mwanamume akimwambia "pole mama, nikusaidie" humwangalia mpaka anaondoka. Nyumba yake yote, yaani yeye, Blessing na bibi yake Blessing, inakula kwa mshahara ule. Kwa hiyo aliposikia neno "barua" aliinuka kitini.

"Nilivunjika mkono! Kaka yangu Masele alileta taarifa kwa msimamizi wa zamu kesho yake asubuhi."

"Taarifa ilifika, sikatai. Kisichofika ni karatasi. Nipe ED yako."

ED ni ile karatasi ya daktari ya kumpumzisha mtu kazi. Mama Blessing hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni kuku jike mwekundu, amembana kwapani, maana alikuwa ameshuka kwenye basi la Kahama asubuhi ileile na hakupita nyumbani.

"Cheti changu ni huyu," akasema, akamweka kuku mezani.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu Donatus ni mtu wa kuja na hakuelewa kitu.

Jumapili moja, wiki tano nyuma, mbuzi wa jirani aliingia uani akaanza kutafuna sare ya kwaya iliyokuwa kwenye kamba. Mama Blessing alimfukuza, mbuzi akakata kona, yeye akashindwa kukata, akaangukia mkono wa kulia. Mfupa ulilia mpaka jirani akausikia. Masele akaja na pikipiki. Hospitali ya Kolandoto ilikuwepo, ina madaktari na mashine ya picha, lakini wala hawakuitaja. Katika ukoo wao homa ni ya hospitali na mfupa ni wa Ushetu, huko Kahama, kwa Mzee Mwigulu mwunga mifupa, na jambo hilo hakuna aliyewahi kulijadili.

Mzee Mwigulu aliupapasa mkono macho yameelekea kwingine, akauvuta mara moja, akaufunga kwa vijiti na kamba za magome. Kisha akaomba kuku. Akamvunja mguu, akampaka dawa ileile, akamfunga vijiti vilevile vidogovidogo. "Huyu ndiye saa yako, ng'wanone," akamwambia, kama baba anavyosema na mwanawe. "Siku atakayokimbia, nakufungua." Wageni wanaona ukatili, wenyeji wanaona kalenda. Mama Blessing alikaa pale wiki tano akila ugali wa watu kwa mkono wa kushoto, akimchungulia kuku kila asubuhi. Siku kuku alipokimbizana na jogoo wa jirani, vijiti vilifunguliwa, na mgonjwa akapewa kuku wake aende naye. Karatasi haikumjia mtu yeyote akilini. Nani angeiandika? Mzee hajui hata kalamu inashikwaje.

Basi kuku alitembea juu ya daftari la mahudhurio, imara kabisa, akadonoa kalamu ya Donatus.

"Unamwona anavyokanyaga?" Mama Blessing alisema. "Ule mguu wa kulia ndio uliovunjwa. Na mkono wangu huu hapa, tuvutane ukitaka."

"Mama yangu, nakuamini," Donatus alisema, na ilionekana anasema kweli, jambo lililomuudhi Mama Blessing zaidi. "Lakini kuku hana muhuri."

Akavuta droo, akatoa rundo la karatasi. Zote zilikuwa ED, zote za zahanati moja isiyojulikana ilipo, zote kwa mwandiko mmoja. Moja ilimpumzisha fundi mitambo, mwanamume mwenye ndevu zake, kwa sababu ya ujauzito.

"Hawa wote niliwaamini. Mkurugenzi alipoziona, nusura kazi yangu mimi iote mbawa. Leo Jumatatu. Nakupa mpaka Ijumaa ulete karatasi ya daktari. Ikikosekana, nasaini."

Mama Blessing alitoka na kuku wake. Kufukuzwa aliwahi kukuogopa. Ila kuonekana mtoro, yeye aliyewahi kupima viroba akiwa na homa ya kutetemeka, hilo lilimchoma vibaya sana.

Getini alikuwepo Abel, mwuza vocha. Abel huuza vocha kwa juu na vitu vingine kwa chini.

"Nimesikia," akasema. "Unataka siku ngapi? Malaria ninayo tayari. Mkono itabidi niandike upya, lakini kwako nafanya bei ya ukoo. Nitaandika kwamba walikufunga na hogo la plasta, ionekane ya hospitali."

"Muhuri unao?"

"Muhuri?" Abel alicheka. "Ninao mitatu."

Tusidanganyane, alitamani. Tena alitamani sana. Ugonjwa wake ulikuwa wa kweli na siku zake zilikuwa za kweli, kwa hiyo karatasi ingekuwa imedanganya kwenye jina la daktari tu. Alikuwa ameshaingiza mkono kifuani kutoa kitambaa cha hela pale Ritha alipomshika bega.

Ritha ni mwendesha mashine na pia katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuzima karasha. Kijitabu cha sheria ya ajira anatembea nacho mfuko wa nyuma wa ovaroli, kimeloa mafuta mpaka kurasa zinaonyesha upande wa pili.

"Abel, potea," alisema, na Abel akapotea. "Wewe, shoga yangu, una wazimu? Sasa hivi huna karatasi. Ukipeleka ya huyu utakuwa na karatasi ya kughushi, na hapo watakufukuza kihalali kabisa, hata mimi nisiwe na la kusema."

"Sasa nifanyeje, Ritha? Mzee Mwigulu hajui kusoma."

Ritha alifungua kijitabu. "Sheria inasema cheti kitoke kwa daktari aliyesajiliwa, au tabibu mwingine ambaye mwajiri amemkubali, na asimkatae bila sababu ya msingi. Tungeweza kumpigania mzee wako. Ila kesi itakwenda mpaka kwenye usuluhishi, na huko ukiingia leo unatoka mvua zijazo. Unataka kesi au unataka kazi?"

"Nataka kazi."

"Basi nenda Kolandoto ukapigwe picha. Mfupa ulivunjika, sio? Kuungana umeungana, lakini lazima uache alama. Alama hiyo ndiyo itakayokusemea."

Jumatano Mama Blessing alikuwa kwenye benchi la hospitali toka saa moja asubuhi, ameoga, amevaa vizuri, mkono umekaa mapajani. Picha ilipotoka akaitwa kwa Daktari Agnetha, dada mrefu mwenye miwani, ambaye aliitazama ile picha, akaipeleka dirishani, akaitazama tena.

"Mama, huu mkono nani aliunga?"

Mama Blessing akajua ameumbuka. "Mzee mmoja. Kule Ushetu."

"Uliponea chupuchupu. Mikono ya hivi huwa naletewa imeoza." Akainamia picha tena. "Lakini wako umekaa mahali pake. Kazi nzuri hii, sitaki kusema uongo." Halafu akasema kwa ukali, "Siku nyingine picha kwanza, mzee baadaye. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari. Ila kazini wanasema sikuugua. Picha inaweza kusema ni lini nilivunjika?"

"Tarehe haisemi. Wiki inasema. Mfupa mpya unaota kwa hatua, na huu ni wa wiki tano, sita hivi. Hilo naweza kuliandika na kulisimamia."

Akaandika, mwandiko wa kidaktari usiosomeka, akagonga muhuri kwa nguvu. Mama Blessing alikuwa hajawahi kuusikia mlio mtamu kama ule. Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kifuani, akarudi Mwakitolyo kwa basi akiimba wimbo wa kwaya mpaka utingo akamwomba apunguze.

Ijumaa aliingia ofisini na Ritha ubavuni. Donatus aliwaamkia wote wawili, akapokea karatasi, akaisoma. Akaisoma tena. Akapiga simu hospitalini, akauliza, akaitikia "naam, naam," akashukuru. Kisha akaichukua ile barua ya kufukuzwa akaichana vipande viwili, vinne, vinane, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Mama Blessing, naomba radhi. Siku zako zote zinahesabiwa likizo ya ugonjwa, na mshahara wako haukatwi."

"Asante, baba." Mama Blessing alikuwa tayari anakunja mikono ya gauni. "Basi naingia zamu. Nimeona foleni ya viroba hapo nje, mtu mliyemweka hajui kupima."

"Huingii."

"Siingii?"

"Hukuisoma mpaka mwisho?" Donatus aliigeuza karatasi. "Daktari ameandika mfupa bado mchanga. Usinyanyue mzigo wiki tatu zaidi."

"Mimi nimekuja kufanya kazi! Hiyo ya wiki tatu ifute!"

"Siwezi, mama. Ina muhuri."

Ritha alicheka mpaka akashika ukuta. Akatoa kijitabu chake, akahesabu kwa vidole: siku zile thelathini na tano, nne za wiki hii na ishirini na moja zijazo ni sitini, na sheria inatoa sitini na tatu za mshahara kamili. "Nenda nyumbani, Skola. Ni haki yako, sio fadhila."

Mama Blessing alitoka akakaa kwenye benchi la nje, na machozi yakamtoka bila yeye kuyaita. Miaka tisa alikuwa amelipwa kwa kunyanyua. Hakuna aliyewahi kumwandikia mahali popote kwamba mwili wake nao huchoka, na kwamba ukichoka, chakula cha Blessing hakiondoki mezani. Alilia kidogo, akajifuta kwa kanga, akaenda kwake.

Jumatatu aliamka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida yake. Akatia mguu mmoja ndani ya buti la kazi, akakumbuka, akaketi kitandani akilitazama. Nje karasha lilikuwa limeshaanza kunguruma. Akalivua buti, akajilaza, akajifunika shuka mpaka kidevuni, na hapakuwa na mtu Mwakitolyo nzima mwenye haki ya kumwamsha.