Bi Mwanahija Ajitwika Nyota

Jana mchana Bi Mwanahija Kilua alijilaza mkekani, na usingizi ulipompitia aliota ameitwa kazini. Hilo halikumshangaza. Tangu ujana wake anaigiza filamu: shangazi, muuguzi, jirani mwenye mdomo, na zaidi mfiwa. Nyota hajawahi kuwa. Lakini filamu zenyewe watu wamezisahau; yeye wanamkumbuka.

Anafika, anamkuta nyota kitini. Nyota hasa, wa mbinguni, mkubwa kama fenesi, anawaka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uko chini?"

"Nimeanguka. Nimeambiwa wewe ndiye mwigizaji msaidizi."

"Ndiye."

"Basi nisaidie kupanda. Nikipoa nitakuwa jiwe."

Mwongozaji ni feni ya mezani. Anageuza kichwa kulia na kushoto, anakataa kila kitu, kisha anapaza sauti: "Kata!"

Papo hapo inaletwa kata ya kanga, kama ile ya kubebea ndoo. Bi Mwanahija anaiweka utosini, anajitwika nyota, anaanza kupanda ngazi. Kwenye kidato cha pili ngazi imekwisha na yuko makaburini. Wote aliowalilia katika filamu wamekaa na sanda zao, wanakunywa kahawa.

"Ndiye huyu," anasema marehemu mmoja, aliyewahi kuwa mumewe wa filamu. "Wengine walitulilia kwa kitunguu. Huyu alilia kweli."

"Nilikuwa namkumbuka mama yangu," anakiri Bi Mwanahija.

"Hata hivyo machozi yalitufikia. Ahsante, bibie. Siku zile tusingeweza kusema, tulikuwa tumekufa."

Wanaweka vikombe chini. Mmoja anapanda mabegani mwa mwenzake, na mwingine juu yake, mpaka wanakuwa ngazi. Bi Mwanahija anawapanda huku akiwaomba radhi kwa kuwakanyaga. Shingo inamlia.

"Niache, shangazi," nyota anasema. "Utavunjika."

"Nyamaza. Usitikisike."

Anafika juu, anamtundika. Nyota anatulia, anatazama chini kwa muda mrefu.

"Shangazi," anasema, "kutoka huku unaonekana wewe tu."

Bi Mwanahija aliamka machozi yakimtoka, moyo mweupe. Mumewe, Mzee Shekuwe, alikuwa anamimina chai. Akasita, akanusa, akamwinamia.

"Mama Hidaya, nani kakuunguza nywele za utosini?"

Bi Mwanahija akapapasa. Kweli, kiduara kilikuwa kimeungua, bado kina joto.

"Nilikuwa kazini," akasema, akapokea kikombe.